Uzi: Bakuli la moto la mezani la zege, vipimo kamili (na kwa nini usimimine spiriti)

MwikoMkononi – #1

Wakuu, uzi huu ni wa kutengeneza bakuli la moto la mezani kwa zege: dogo, la kubebeka kwa mikono miwili, linalowaka kwa jeli ya spiriti inayouzwa ndani ya kopo. Ni la kutumia nje tu. Anayejua zaidi aongeze, anayeona kosa aseme.

Kitu cha kwanza kununua si saruji, ni kopo la jeli. Chukua la gramu 200 hivi, lipime kwa rula upana na kimo, ndipo utafute vyombo vya kalibu. Wengi wanaanzia upande wa pili: wanamwaga zege, bakuli linatoka zuri, halafu kopo halienei. Mwisho wanaamua kumimina spiriti ndani ya bakuli, na ajali zinaanzia hapo. Makopo mengi ya ukubwa huo yana upana wa sm 8 hadi 9 na kimo cha sm 6 hivi, lakini amini rula yako.

Kalibu ni mabakuli mawili ya plastiki laini yasiyo na michoro. La nje liwe na upana wa sm 26 kwa ndani, na kitako bapa cha angalau sm 12, maana bakuli la duara tupu litayumba mezani. La ndani liwe na upana wa sm 19 kwa nje. Tofauti hiyo inakupa ukuta wa sm 3.5. Chini ya sm 3 usiende.

Kujua kiasi cha zege usipige hesabu za duara. Jaza maji bakuli la nje ukipima kwa jagi, kisha pima maji yanayoingia bakuli la ndani, toa. Kwa vipimo hivi utapata kama lita 4.6 kutoa lita 1.8, yaani lita 2.8 za zege. Mchanganyiko wake:

- saruji kilo 1.5
- mchanga mkali uliooshwa na kuchekechwa kwa wavu wa mm 5, kilo 4.5, ukiwa mkavu
- maji lita 0.7, basi

Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo uweke maji kidogo kidogo. Zege sahihi ukilifinya kiganjani linashikana kama donge la unga wa ngano na haliachi maji yakichuruzika vidoleni. Litaonekana gumu mno na mkono utatamani kuongeza maji. Usiongeze. Maji ya ziada ndiyo yanayoacha vitundu na nyufa baadaye. Mchanga ukiwa na unyevu, maji yapunguze zaidi.

Paka mabakuli mafuta ya kula kwa kitambaa, utando mwembamba tu. Mafuta yakituama yanatoboa uso wa zege. Weka zege la kitako sm 3.5, ligongegonge, weka bakuli la ndani katikati, kisha jaza pembeni kwa tabaka za sm 3 ukishindilia kwa kijiti na kugonga ukuta wa nje kwa nyundo ya mpira. Mapovu yakiacha kupanda, umemaliza.

Bakuli la ndani litataka kuelea. Linasukuma zege la lita 1.8, ambalo ni kama kilo 4.1. Ukilijaza mchanga unapata kilo 2.9 tu, kwa hiyo juu yake ongeza tofali la kilo 2 au zaidi. Bila uzito huo kitako kitanenepa na ukuta utapinda upande mmoja.

Bakuli la ndani litoe baada ya saa 24, la nje baada ya saa 48. Uzito wa kazi nzima unakuja kama kilo 6.5.

Kidogokidogo – #2

Mkuu, asante, hili la kupima kwa maji limekaa vizuri. Naomba kuuliza mawili. Kopo linakaa moja kwa moja juu ya zege? Na kwa nini usitumie spiriti ya maji? Inawaka vizuri na kikombe kimoja cha chuma kinatosha.

MwikoMkononi – #3

La kwanza: hapana. Kopo linakaa ndani ya kikombe cha chuma cha pua kilichosimama katikati ya bakuli. Upana wake uzidi kopo kwa sm 1 hadi 1.5, ili kopo liingie na kutoka bila kung'ang'ania, na ili kama kopo likivuja kuwe na kitu cha kudaka. Kisiwe na tundu hata moja. Mdomo wa kopo usizame zaidi ya sm 1 chini ya ukingo wa kikombe. Ukizama sana moto unakosa hewa, unapiga kuta za kikombe na kutoa masizi. Kikombe kikiwa kirefu, weka kipande cha kigae chini ya kopo kuliinua.

Usitumie kikombe cha bati lenye zinki, maana zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 na moshi wake unadhuru. Aluminiamu nayo inayeyuka kwenye nyuzi 660 na ikigusa zege bichi inaliwa na magadi ya saruji huku ikitoa hewa ya haidrojeni.

La pili nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndilo linalounguza watu.

Spiriti ya maji ikimwagwa kwenye kikombe kilicho wazi inawaka juu ya uso wake wote. Kikombe kikipinduka, moto unasafiri na kimiminika hadi mapajani mwa aliyeketi. Hilo ni moja. Kubwa zaidi ni kujaza tena. Moto wa ethanoli, yaani pombe inayowaka ndani ya spiriti, ukififia mchana hauuoni. Mtu anadhani umezimika, anachukua chupa, anamimina.

Sasa angalia chupa yenyewe. Kwenye nyuzi 20 mvuke wa ethanoli juu ya kimiminika, ndani ya chupa iliyobaki nusu, unafika karibu asilimia 6 ya hewa yote iliyomo. Ethanoli inashika moto mvuke ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19. Kwa maneno mengine, chupa ya nusu kwenye joto la kawaida la chumba imebeba mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Moto ukirudi nyuma kupitia mkondo unaomiminika, ule mvuke unawaka kwa mkupuo na kurusha spiriti iliyobaki kupitia mdomo wa chupa kama pampu ya moto, mita kadhaa. Anayeungua mara nyingi ni aliyekaa upande wa pili wa meza.

Desemba 2024 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, iliwataka watu waache mara moja kutumia vifaa vya moto vinavyochoma spiriti iliyotuama wazi, ikitaja vifo 2 na majeruhi wasiopungua 60 tangu 2019. Vifaa vingi kati ya hivyo ni hivi hivi vya mezani.

Kopo la jeli halijazwi. Likiisha linatupwa, na jipya linaingia baada ya kikombe kupoa. Chupa haipo kabisa mezani. Ndiyo maana kipimo cha kopo kinatangulia saruji.

ZegeKavu – #4

Mkuu umeeleza vizuri. Naongeza upande wa kukomaza na kukausha, kwa sababu bakuli likikosewa hapa linabanduka magamba siku ya kwanza ya moto.

Kukomaza na kukausha ni kazi mbili tofauti, na zinakwenda kinyume. Siku 7 za kwanza zege linataka maji. Lizungushie gunia bichi, lifunike nailoni, limwagilie asubuhi na jioni. Ukilianika juani siku ya pili litapata nyufa za nywele juu ya ukingo, kwa kuwa ngozi inakauka na kusinyaa wakati tumbo bado bichi. Baada ya siku 7 liache kivulini hadi zitimie siku 28.

Kisha ndipo kukausha. Maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke yanapanuka zaidi ya mara 1,600, na yakikosa njia yanasukuma kipande cha zege nje. Kipande hicho kinaruka kikiwa cha moto. Ukiwa na oveni: nyuzi 60 kwa saa 3, nyuzi 80 kwa saa 2, nyuzi 105 kwa saa 4, halafu zima na uache lipoe humo humo ndani. Huna oveni, lipe wiki mbili za jua kavu na lilale ndani usiku.

Kuna kipimo kizuri cha kujua limekauka: mizani. Lipime, likaushe tena saa kadhaa, lipime. Uzito ukiacha kushuka, maji yamekwisha.

Kwenye mchanganyiko, theluthi moja ya mchanga waweza kuibadilisha na matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa kwa wavu ule ule wa mm 5. Tofali limeshapita tanurini, kwa hiyo joto halilisumbui. Mchanga wenye kwatsi (madini magumu yanayong'aa kama kioo) hupanuka ghafla kwenye nyuzi 573. Bakuli la jeli lenye kikombe halifiki huko ukutani, ila ni nyongeza isiyo na hasara. Lowesha hayo matofali kwanza, la sivyo yatanyonya maji ya saruji.

Ukipata nyuzi fupi za polipropilini (aina ya plastiki), weka gramu 3 kwa ujazo huu wa lita 2.8. Zinashika zege lisipate nyufa likiwa bichi, na likipata joto kali zinayeyuka na kuacha vijinjia vya kutolea mvuke.

Ukingo – #5

Wakuu, bakuli la ndani limekwama kabisa. Saa 60 zimepita. Nikivuta, zege linaanza kumeguka ukingoni. Nifanyeje?

ZegeKavu – #6

Usivute. Zege likikauka linasinyaa na kukumbatia kilicho ndani yake. Ndiyo maana mkuu kasema la ndani litoke saa 24, la nje lisubiri. Kila saa unayochelewa linabana zaidi.

Toa uzito na mchanga wote. Mimina maji ya moto ndani ya bakuli la plastiki, si yanayochemka, acha dakika 5 plastiki ilainike, yamwage, kisha bonyeza ukuta wa plastiki kuelekea ndani kwa vidole gumba ukizunguka. Ukisikia mlio mdogo wa kuachia, hewa imeingia; pindua, gonga kitako kwa kiganja. Likigoma bado, toboa tundu la mm 3 katikati ya kitako cha plastiki na upulize hewa kwa pampu ya baiskeli. Utapoteza bakuli la plastiki, utaokoa la zege.

Kwa mara nyingine, chagua bakuli la ndani lenye mdomo mpana kuliko kitako. Lililonyooka wima halitoki.

Kidogokidogo – #7

Na mawe ya kujaza kuzunguka kikombe, kokoto za mtoni zinafaa? Zina umbo zuri.

MwikoMkononi – #8

Hapana mkuu. Jiwe la mtoni limelowa miaka mingi na maji yamejificha kwenye mishipa yake. Karibu na moto linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Tumia mawe ya volkano yenye matundu, yakaushwe pamoja na bakuli, au vipande vya tofali la kuchoma. Yapange yaishie nusu sentimita chini ya ukingo wa kikombe, ili mfuniko wa kuzimia ukae bapa bila kupata mwanya.

Rangi na vanishi usiweke ndani. Zinaungua, zinanuka, na zinafungia unyevu. Kwa nje tu, dawa ya kuzuia maji ile inayozama ndani ya zege inatosha, na ipakwe baada ya kukausha.

Miguu: vipande vinne vya kizibo (koki, gome laini la vizibo vya chupa) vyenye unene wa sm 1, vibandikwe kwa silikoni. Hewa ipite chini. Meza ya kioo au plastiki usiitumie kabisa. Ya mbao weka kigae kikubwa chini ya bakuli.

Fukuto – #9

Niongeze njia isiyo na spiriti kabisa: peleti za mbao (vijipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa) kwenye makopo mawili ya chuma, moja ndani ya jingine.

Kopo la ndani upana sm 10, kimo sm 15. La nje upana sm 15, kimo sm 17. Kopo la ndani toboa kitako matundu 30 ya mm 4, na chini ya mdomo kwa sm 2 toboa duara la matundu 16 ya mm 6. La nje toboa pembeni karibu na kitako matundu 10 ya mm 12. La ndani lisimame juu ya boliti tatu za sm 2, lisiguse kitako cha la nje. Juu funga nafasi iliyobaki kati ya makopo kwa pete ya bati uliyoikata kwa mkasi wa bati. Pete hiyo ndiyo roho ya kazi: isipobana, hewa ya moto inatorokea juu na matundu ya mdomoni hayafanyi kitu.

Ikibana, hewa inapanda kati ya kuta, inapata joto, inatokea kwenye matundu ya juu na kuunguza moshi kabla haujatoka. Utaona kila tundu linatoa ulimi wake wa moto, na moshi unaisha. Jaza peleti kama gramu 400, kimo cha sm 8, zisifikie matundu ya juu. Washa kutoka juu, si chini. Zinawaka kama dakika 30 hadi 45.

Makopo ya rangi yachome kwanza nje, mbali na watu, mpaka rangi na utando wa ndani viishe.

MwikoMkononi – #10

Fukuto, mpango wako ni mzuri na kwa joto unazidi jeli kwa mbali. Ila kwa mezani nina hofu mbili. Kitako kinapata joto kali, kwa hiyo sm 1 ya kizibo haitoshi. Ingekuwa nafasi ya sm 5 kwa miguu ya chuma na kigae chini. Pili, ndimi za moto zikiisha yanabaki makaa, na makaa yanatoa kaboni monoksidi usiyoiona wala kuinusa. Mtu anaona moto umekwisha, anakibeba ndani ya chumba au hema. Hilo linaua.

Fukuto – #11

Nakubali yote mawili. Kikae nje mpaka majivu yawe baridi kwa kuguswa, na hilo linachukua saa kadhaa. Majivu yaingie kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko.

Ukingo – #12

Limetoka! Maji ya moto yamefanya kazi. Sasa upepo: moto wa jeli unalala upande. Nikizungushia kioo?

MwikoMkononi – #13

Hongera mkuu. Kioo kifaacho ni cha borosiliketi, aina ya vyombo vya maabara. Kioo cha dirisha au cha fremu ya picha kitapasuka, kwa sababu upande mmoja unapata moto na mwingine upepo baridi. Silinda ya kimo cha sm 15 hadi 20 inatosha. Isikae bapa juu ya mawe. Iinue sm 1 hadi 1.5 kwa vipande vitatu vya chuma ili hewa iingie chini. Bila mwanya huo moto unavuta hewa kutoka juu, unayumba na kuchafua kioo kwa masizi.

Moto wa kwanza uwe dakika 10, poza kabisa. Wa pili dakika 20. Wa tatu 30. Kila baada ya moto pitisha ukucha ukutani. Ufa wa nywele usioshika ukucha ni wa usoni tu. Ufa unaoshika ukucha na kuonekana pande zote mbili, hilo bakuli limekwisha; lipandie maua.

Kidogokidogo – #14

Kuzima?

ZegeKavu – #15

Mfuniko wa chuma usio na tundu, wenye kishikio cha mbao au wa kushikwa kwa koleo la sm 30. Upana uzidi kikombe kwa sm 2 kila upande. Ushushe kutoka pembeni, si kutoka juu, mkono usipite juu ya moto. Uache dakika 3 bila kuchungulia: ukifunua mapema jeli bado ya moto, mvuke unakutana na hewa na kuwaka tena mbele ya uso.

Usipulize kwa mdomo. Maji usimwage, yakimwagwa kwenye spiriti inayowaka yanairusha nje ya kikombe nayo ikiendelea kuwaka. Blanketi la kuzimia moto au kizima moto cha unga mkavu kiwe karibu, si ndani ya nyumba.

Kopo lililobaki nusu, subiri lipoe mpaka ulishike kwa mkono mtupu, funga mfuniko wake wa awali mpaka ulie "tak". Usipolia, spiriti itapotea na kesho jeli itakuwa ngozi kavu isiyoshika kibiriti.